Msikiti wa Nasir al-Mulk, Shiraz: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila Ramadhani ile picha ya msikiti huu hurudi kwenye makundi ya WhatsApp: zulia limemwagikiwa mwanga mwekundu, wa buluu na wa manjano kupitia vioo vya rangi, nguzo za mawe zimesimama katikati, na chini pameandikwa "Subhanallah" bila jina la mahali. Maswali haya ndiyo yanayofuata kila inaporudi. Yamepangwa kuanzia ya mwanzo kabisa hadi yale ya mtu aliyekwisha kuanza kutafuta nauli.

## Ya kuanzia

Huu ni msikiti gani, na uko wapi?

Ni Msikiti wa Nasir al-Mulk, mjini Shiraz, mkoa wa Fars, kusini-magharibi mwa Iran. Upo katika mtaa wa kale uitwao Gowd-e Araban, mwendo mfupi kwa miguu kutoka kwenye kaburi tukufu la Shah Cheragh. Ukimuuliza njia mwenyeji atakujibu kwa "Nasir ol-Molk". Usidhani amekuelekeza kwingine. Ni jina lile lile katika matamshi ya Kiajemi.

Ni msikiti kweli? Mbona unafanana na kanisa?

Ni msikiti, na unasaliwa hadi leo. Shangazi yangu alipoionyeshwa picha mara ya kwanza alisema, "Hili kanisa la wapi tena?" Simlaumu, kwa sababu wengi wetu vioo vya rangi tumevizoea makanisani.

Tofauti huonekana ukivitazama kwa karibu. Vioo vya makanisa ya Ulaya mara nyingi husimulia kisa: kuna watu, malaika, nyuso zilizochorwa kwa brashi, na vipande vimeshikwa kwa vijiti vya madini ya risasi. Vioo vya Shiraz havina sura ya mtu wala mnyama. Ni maumbo ya kijiometria na maua, na kinachovishika ni mbao. Jinsi mbao hizo zinavyofanya kazi imeelezwa kwenye swali la utengenezaji, hapo chini.

Nani aliujenga, na lini?

Ujenzi ulianza 1876 ukamalizika 1888, miaka 12 kamili, wakati Iran ikitawaliwa na ukoo wa Qajar. Aliyeuamuru na kuugharamia ni Mirza Hasan Ali Khan, tajiri na mmoja wa wakuu wa Shiraz kutoka ukoo wa Qavam, uliokuwa na sauti kubwa katika mji huo. "Nasir al-Mulk" lilikuwa lakabu lake la heshima. Msemaji wa Kiswahili halimpi tabu: *nasir* ni ndugu wa "nusura", *mulk* ni ndugu wa "milki". Mwenye kuinusuru milki.

Mafundi wakuu wanaotajwa ni wawili. Mohammad Hasan, aliyeitwa Memar, yaani mjenzi, na Mohammad Reza Kashi-Saz wa Shiraz. *Kashi-saz* maana yake mtengeneza vigae, na ukiingia ndani utaelewa kwa nini jina la fundi vigae limewekwa sambamba na la mjenzi.

Kwa nini unaitwa Msikiti wa Waridi?

Watu wengi hudhani ni kwa sababu ya mwanga. Sivyo. Jina limetokana na vigae, ambavyo vingi vina rangi ya waridi, na maua ya waridi yamechorwa juu yake kuanzia kutani hadi darini. Yaani hata siku ya mawingu, vioo vikiwa vimelala, msikiti bado ni wa waridi.

Nchini Iran wakati huo buluu na zumaridi ndizo zilizotawala misikitini. Kujaza waridi ukuta mzima ilikuwa ladha ya zama za Qajar, na hapa wameifikisha mbali kuliko pengi.

## Vioo na mwanga

Vioo vyenyewe viko sehemu gani?

Si msikiti mzima, na hili huwashangaza wageni. Msikiti una ua wa wazi katikati wenye birika refu la maji, na kumbi mbili za kusalia pembeni, moja mashariki, moja magharibi. Vioo maarufu ni vya ukumbi wa magharibi: milango saba ya mbao iliyojaa vioo vya rangi, yote ikitazama uani. Ndani yake kuna nguzo 12 za mawe, safu mbili za sita sita, zimechongwa kwa mkunjo kama kamba iliyosokotwa. Wenyeji husema idadi hiyo ni kwa ajili ya Maimamu 12 wa Kishia.

Picha zote ulizowahi kuziona, au karibu zote, zimepigwa ndani ya ukumbi huo mmoja.

Mbona ukumbi wa magharibi ndio unaopata jua la asubuhi? Si ungekuwa wa mashariki?

Swali zuri, na huwachanganya hata wenye ramani mkononi. Ukumbi uko upande wa magharibi *wa ua*, kwa hiyo uso wake umeelekea mashariki. Jua likichomoza huruka juu ya ukumbi wa pili, huvuka ua, na kugonga milango ile saba moja kwa moja.

Vioo hivi hutengenezwaje?

Milango ya aina hii Waajemi huiita *orosi*. Fundi huanza na mbao, si kioo. Hukata vijiti vidogo vidogo, kila kimoja akikitoboa mfereji mwembamba ubavuni na ulimi nchani, kisha huvipachika kimoja ndani ya kingine mpaka vitoe nyota na pembe zinazojirudia. Kazi hiyo wao huiita ufungaji wa mafundo. Katika kazi safi hakuna msumari wala gundi: kila kijiti kinamshika mwenzake. Vipande vya kioo huingizwa kwenye ile mifereji wakati wa kuunganisha, kwa hiyo kikivunjika kimoja katikati, kukibadilisha si suala la kutoa misumari miwili. Ni kufungua mafundo.

Rangi yenyewe haikupakwa juu, imo ndani ya kioo. Madini huchanganywa kioo kikiwa bado kimeyeyuka tanuruni: kobalti hutoa buluu, shaba huweza kutoa kijani, manganizi hutoa zambarau. Ndiyo maana jua halijaipausha.

Niende saa ngapi, na msimu gani?

Asubuhi, mara tu milango inapofunguliwa. Saa mbili hadi saa nne ndiyo saa yake. Ukifika saa nane mchana utakuta ukumbi mzuri wenye kivuli, na milango yenye rangi, ila zulia ni zulia tu.

Kuhusu msimu, ni majira ya baridi yao, yaani Desemba hadi Februari. Shiraz iko karibu nyuzi 29 na nusu kaskazini mwa Ikweta. Mwezi Juni jua la adhuhuri hukaribia utosini, kama nyuzi 84, na asubuhi hupanda upesi. Miale huanguka karibu na kizingiti na kuishia hapo. Desemba hata adhuhuri jua halizidi nyuzi 37. Saa mbili asubuhi bado limeinama, kwa hiyo miale huingia kwa kulala, hupita safu ya kwanza ya nguzo na kupanda kwenye ukuta wa ndani kabisa. Sisi tunaoishi karibu na Ikweta jua letu halibadiliki kiasi hicho, ndiyo sababu watu husahau kuuliza msimu na kuuliza saa tu.

Beba koti. Mji uko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na asubuhi ya Januari si ya kanzu nyepesi.

Waumini husalije katikati ya rangi zote hizo? Hazivurugi utulivu?

Tazama saa. Rangi hufika baada ya jua kuchomoza na huondoka kabla ya adhuhuri. Alfajiri imeshasaliwa, Adhuhuri haijaadhiniwa. Katika kipindi hicho chote hakuna sala ya faradhi. Mwanga ule mashuhuri, basi, huanguka kwenye ukumbi wakati safu zimeshavunjwa, na anayeukuta ni yule aliyebaki kusoma Kurani, mfagiaji, na siku hizi mgeni mwenye kamera.

Kuna jambo jingine. Kibla cha Shiraz kiko kusini-magharibi, na mihrabu ya ukumbi huu iko mwisho wake wa kusini. Anayeielekea mihrabu ana milango ubavuni kwake, mkono wa kushoto, si mbele ya macho. Picha za mtandaoni karibu zote hupigwa kwa kuigeukia milango, yaani kwa kumpa mihrabu ubavu au kisogo. Kwa hiyo jengo tunalolijua kwa picha si lile analoliona anayesali.

Picha za mtandaoni zimeongezwa rangi?

Nyingi, ndiyo. Nyekundu na buluu zimo kweli, lakini jicho lako litaziona laini zaidi, na juu ya zulia jekundu buluu hugeuka kuwa kitu kama zambarau chafu, jambo ambalo picha nyingi hulificha. Pia wapigapicha hutumia lenzi pana inayoufanya ukumbi uonekane mrefu kama uwanja. Ni mkubwa wa wastani.

Lingine lisiloonekana pichani ni watu. Asubuhi za msimu kuna kundi zima nyuma ya yule msichana aliyekaa peke yake katikati ya zulia, linasubiri ainuke.

Ni kweli vioo vya rangi hufukuza mbu na nzi?

Hayo husimuliwa sana na waongozaji wa Iran, kwamba mchanganyiko wa rangi huwachanganya wadudu. Mimi ningebeba chandarua. Kinachoonekana wazi ni kwamba vioo hivi hupunguza ukali wa jua, na mlango wa orosi wa asili hupandishwa juu kama pazia ili upepo upite, jambo la maana katika mji wenye kiangazi kikali.

## Zaidi ya vioo

Mbali na vioo kuna nini cha kutazama?

Kwangu mimi, vigae. Mbinu yao huitwa *haft rang*, na hapa sikio la Mswahili halihitaji mkalimani: *haft* ni saba, *rang* ni rangi. Neno letu "rangi" limetoka kwa Waajemi, kama lilivyotoka "dirisha". Badala ya kukata kila rangi kutoka kigae chake na kuviunganisha kama mozaiki, fundi huchora rangi zote juu ya kigae kimoja na kukichoma. Kazi huenda haraka, na mkono unapata uhuru wa mchoraji. Ndiyo maana maua ya hapa yana vivuli na mikunjo kama yaliyochorwa kwenye karatasi.

Tafuta vile vidirisha vidogo vya mandhari katikati ya maua: vijumba na minara ya mtindo wa Ulaya, imewekwa ndani ya msikiti bila wasiwasi. Zama za Qajar picha za Kizungu zilikuwa zimeanza kuenea Iran, na mafundi wakazichukua kama walivyochukua rangi mpya.

Kisha simama uani utazame upande wa kaskazini. Baraza kubwa la hapo huitwa Tao la Lulu. Ndani ya tao lake dari limebonyezwa kuwa makombe, moja likikaa ndani ya jingine. Mpangilio wa msikiti huu Waajemi huutaja kwa jina la *panj kase*, makombe matano. Kuba kubwa kama za Isfahan hutaliona hapa.

Ukumbi wa mashariki una nini?

Ni mtulivu na mnyonge kidogo wa mapambo: nguzo saba za safu moja, bila vioo vile. Wageni wengi hupita mlangoni pake bila kuingia. Waingie, maana upande huo ndiko kiliko kisima cha maksai, *gav-chah*.

Hebu kifikirie kilivyokuwa kikifanya kazi. Kamba imepita juu ya gurudumu. Mwisho mmoja una ndoo ya ngozi ndani ya kisima, mwingine umefungwa kwa maksai. Mnyama hakokoti juu kwenye mlima. Anateremka njia iliyochimbwa kwa mteremko, na uzito wake mwenyewe ndio unaonyanyua maji. Akifika chini ndoo imefika juu, maji yanamwagwa, naye anarudi taratibu kupanda huku ndoo tupu ikizama tena. Maji ya udhu ya waliosali chini ya makombe ya waridi yalikuwa na maksai nyuma yake.

Nani anautunza sasa?

Uko chini ya wakfu wenye jina la Nasir al-Mulk mwenyewe. Unapokea watalii kwa kiingilio na bado unatumika kwa ibada. Kiingilio cha mgeni huwa tofauti na cha raia, na hubadilika, kwa hiyo hakitajwi hapa.

## Shiraz na sisi

Una uhusiano na Washirazi wa pwani yetu?

Msikiti wenyewe, hapana. Miaka haikutani. Tarikh ya Kilwa husimulia mwana wa mfalme wa Shiraz aliyefika pwani na jamaa zake kwa majahazi, na msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya Kikufi ya 1107. Nasir al-Mulk ulikamilika miaka zaidi ya 750 baadaye. Mtu akikuambia "babu zetu walisali hapa", mwambie babu zake walikuwa wameshasahau njia.

Uhusiano wa watu ni suala jingine. Wanahistoria wameubishania mno, wengine wakiona "Shirazi" ni jina la heshima tu. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa 2023 katika jarida la *Nature*, kutokana na mifupa ya makaburi ya kale ya pwani ya Kenya na Tanzania, ulikuta damu ya Kiajemi imo kweli, hasa upande wa akina baba, wakati upande wa akina mama ni wa Kiafrika. Mchanganyiko ulianza kama miaka 1,000 iliyopita. Na Makunduchi, Unguja, bado wanakoga mwaka, sherehe ya mwaka mpya yenye asili ya Kiajemi.

Kwa hiyo hakuna kiungo chochote na zama za msikiti huu?

Kipo, na kwa maoni yangu ni kitamu kuliko cha Washirazi. Seyyid Said wa Zanzibar alimwoa binti wa Kiajemi, Binti Irich Mirza, mjukuu wa Fath Ali Shah. Huyo ni mfalme wa ukoo ule ule wa Qajar. Karibu 1850 Seyyid Said alimjengea mkewe huyo hamamu, nyumba ya kuogea, huko Kidichi, Unguja, na mafundi wakaipamba kwa maua ya yungiyungi, mitende na tausi wa plasta kwa mtindo wa kwao. Ladha iliyokuja kuzaa Nasir al-Mulk ilifika Unguja mapema, ikiwa nyeupe badala ya waridi.

## Kwa anayetaka kwenda

Nahitaji viza?

Desemba 2023 Iran ilitangaza kuwaondolea viza raia wa nchi 33, Tanzania ikiwamo. Masharti ya mambo haya hugeuka, kwa hiyo thibitisha ubalozini kabla ya kukata tiketi. Kwa pasipoti nyingine yoyote, anzia ubalozini moja kwa moja.

Hali ya usalama?

Usijibiwe na mtu wa mtandaoni, mimi nikiwamo. Kaburi la Shah Cheragh, jirani kabisa na msikiti, lilishambuliwa kwa bunduki Oktoba 2022 na tena Agosti 2023, na Juni 2025 anga la Iran lilifungwa wakati wa vita na Israel. Fuata tangazo la wizara yako ya mambo ya nje la wiki unayosafiri, si la mwaka jana.

Nitatumia kadi ya benki?

Hapana. Kwa sababu ya vikwazo, kadi za kimataifa hazifanyi kazi Iran. Beba fedha taslimu za safari nzima.

Nivae nini?

Sheria ya nchi inamtaka mwanamke afunike nywele na avae nguo ya heshima. Mwenye baibui au dera na mtandio ameshamaliza. Ukivuka kwenda Shah Cheragh utatakiwa uvae chadori, lile shuka kubwa la Kiirani, na hapo mlangoni huazimwa. Mwanamume avae suruali ndefu.

Mimi ni Sunni. Naruhusiwa kuingia na kusali?

Ndiyo. Utakuta vidonge vya udongo mlangoni au pembeni. Mashia husujudu juu yake. Waliokua jirani na misikiti ya Ithnasheri wa Mombasa, Dar es Salaam au Unguja wanavijua. Vipite tu, hakuna atakayekuuliza.

Saa yao inatofautianaje na yetu?

Iran iko nusu saa mbele ya Afrika Mashariki. Nusu, si saa. Simu ikikataa kujirekebisha utafika umechelewa dakika 30, na kwa ule mwanga (rudi kwenye swali la saa na msimu) dakika 30 ni nyingi.

Ijumaa je?

Ijumaa ndiyo mapumziko yao ya wiki, kwa hiyo familia za Kiirani nazo zinatalii. Ukipenda ukumbi wenye nafasi, chagua Jumapili au Jumatatu.

Sina nauli ya Iran. Kuna kitu cha karibu huku kwetu?

Nenda Unguja, ukiwa na siku moja. Ukitoka bandarini, kwenye barabara ya Mizingani utaona Zahanati ya Kale, ile yenye mabaraza ya mbao yaliyochongwa. Tajiri wa Kihindi Tharia Topan aliiwekea jiwe la msingi 1887, mwaka mmoja kabla Nasir al-Mulk haujakamilika, na ilimalizika 1894, yeye akiwa ameshafariki. Ina vioo vya rangi ndani ya fremu za mbao. Fundi wake alitazama Bara Hindi na si Shiraz, lakini jua halijui tofauti.

Mchana panda gari hadi Kidichi. Hamamu iko wazi kwa wageni, ukungu umekula sehemu ya plasta, na tausi wanaonekana vizuri ukiwamulika kwa tochi ya simu kutoka ubavuni.